Sura ya Sita: Taa Inayozimika Saa Mbili Usiku

Mtu aliyezoea taa za sola Morogoro au Kisii akihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hufika na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba taa ikipigwa na jua mchana, usiku itawaka. Ya pili ni kwamba huko adui wa sola ni baridi. Ya kwanza ina nusu ya ukweli. Ya pili, kwa upande wa paneli, ni kinyume kabisa cha ukweli.

Januari katika mji ule, ukichanganya usiku na mchana, wastani wa joto ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika hali hiyo silikoni iliyo juu ya taa hufanya kazi vizuri kuliko ilivyofanya juu ya bati la Dodoma saa sita mchana. Kila nyuzi moja inayopanda juu ya 25 huipunguzia paneli kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu zake. Paneli iliyochemka hadi nyuzi 60 juani imekwishapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi, wakati ile iliyosimama juu ya theluji, chini ya anga jeupe la Minnesota, imeongeza. Watengenezaji wa paneli kubwa wanalijua hilo vizuri: volti za paneli hupanda asubuhi ya baridi kali, na fundi asiyeziwekea nafasi katika hesabu yake anaweza kuunguza mashine.

Kwa hiyo Desemba ikifika na taa za njiani zikaanza kuzimika saa mbili usiku, kabla watu hawajamaliza kurudi kutoka kazini, tusiilaumu paneli kwamba imeganda. Tulitazame jua.

Minneapolis iko latitudo ya 45 Kaskazini, katikati kabisa ya Ikweta na Ncha. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasoro robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Mchana wote haufiki saa tisa. Msomaji wa Dar es Salaam, ambako siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazitofautiani hata kwa saa moja, anaweza kudhani hasara ni hizo saa tatu tu zilizopungua. Hasara kubwa iko kwenye kimo. Saa sita mchana siku hiyo jua la Minneapolis linainuka nyuzi 22 hivi juu ya upeo wa macho, kisha linaanza kushuka. Ni karibu kimo kile kile ambacho jua la Dar es Salaam huwa nacho saa kumi na moja jioni mwezi huo huo, wakati vivuli vya minazi vimeshalala chini na wachuuzi wanapanga bidhaa zao za jioni. Huo ndio utosi wa siku kule. Baada ya hapo ni kushuka.

Mwanga unaokuja kwa mshazari namna hiyo unapita katika hewa nene mara mbili na zaidi ya ile ambayo ungepita kama ungeshuka wima, na ukifika unatawanyika juu ya eneo kubwa. Paneli iliyolazwa bapa, kama zilivyo nyingi kwenye vichwa vya taa za bustanini, hupata asilimia 37 tu ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingepata kama ingelitazama jua uso kwa uso. Ongeza mawingu, ongeza kivuli cha nyumba ya jirani ambacho sasa kinafika ng'ambo ya barabara, na mwanga wa siku nzima wa Desemba juu ya paneli bapa unabaki karibu robo ya ule wa Juni.

Tuweke hesabu mezani, kwa taa ya mfano. Paneli yake ndogo hutoa miliampia 40 juani. Betri yake ni moja ya nikeli, ya volti 1.2, yenye maandishi ya mAh 600, yaani miliampia-saa 600, ubavuni. Balbu yake ya LED hula miliampia 20 kutoka kwenye betri. Juni, mwanga wa siku nzima ukijumlishwa kana kwamba ni jua kali tupu, unafika kama saa sita. Paneli inaingiza mAh 240. Usiku wa Juni ni wa saa nane na nusu hivi, matumizi mAh 170. Kinabaki kiasi, taa inawaka hadi alfajiri, na mwenye nyumba anawasifia wauzaji. Desemba mwanga huo ni kama saa moja na nusu tu. Mapato ni mAh 60, na usiku ni wa zaidi ya saa kumi na tano. Sitini gawanya kwa ishirini ni saa tatu. Jua linazama saa kumi na nusu, taa inaamka giza likianza kushika, na saa mbili usiku imekwisha. Ni kama mfanyakazi aliyekatwa mshahara hadi robo mwezi ule ule ambao kodi ya nyumba imekaribia kuwa maradufu.

Na hakuna namna ya kuweka akiba ya Julai. Betri ya mAh 600 hata ikijaa pomoni inatosha saa thelathini, yaani usiku wa siku mbili za Desemba. Hapo nimeuacha upotevu wa njiani, ambao huwa upo. Kwa hiyo maneno ya kwenye boksi yanayoahidi saa nane za mwanga si uongo. Yameandikwa kwa ajili ya siku ya kiangazi, na boksi halisemi hivyo.

Ukiifungua taa yenyewe utashangaa ulivyo mdogo utajiri wake. Chini ya paneli kuna betri, koili ndogo kama punje ya mchele, na chipu yenye miguu minne. Chipu hiyo inafanya kazi mbili. Kwanza inaipandisha volti moja na kidogo ya betri hadi takriban tatu, kwa sababu LED nyeupe haiwaki kwa chini ya hapo. Pili, inaangalia kama ni usiku. Haina jicho la pekee kwa kazi hii. Inasoma umeme wa paneli ile ile. Umeme ukishuka karibu na sifuri, chipu inaamua kwamba jua limezama na kuwasha taa.

Ubunifu huo ni wa bei rahisi na una akili, na majira ya baridi ndiyo yanayoufedhehesha. Theluji ikianguka sentimita tano usiku, asubuhi paneli iko gizani. Chipu inasoma giza. Basi taa inawaka mchana kweupe chini ya blanketi lake la theluji, inamaliza akiba yote iliyokuwa nayo, na usiku ukifika haina kitu. Mwenye nyumba anayeamini kwamba theluji itayeyuka yenyewe anangoja wiki nzima huku taa zake zikijila. Dawa ni brashi laini kila baada ya theluji kuanguka. Usitumie kikwangulio cha kioo cha gari, kwa maana uso wa paneli za bei nafuu ni gundi ngumu ya epoksi, nayo ikishachunwa mwanga haupiti tena sawasawa. Usimwage maji ya moto pia: kioo baridi kikikutana nayo hupasuka, na yale yanayobaki huganda mahali pabaya zaidi. Kasoro ya upande wa pili ni taa ya kibarazani au ya barabarani iliyo karibu mno. Hiyo huifanya chipu iamini kwamba bado ni mchana, na taa ya sola haiwaki kabisa. Wengi huitupa ikiwa nzima.

Wazo la taa inayojiwasha yenyewe jua likizama ni la zamani kuliko paneli, na lilizaliwa kwenye nchi ya baridi. Msweden Gustaf Dalén, mhandisi wa kampuni ya AGA, mwaka 1907 aliunda vali ya jua kwa ajili ya minara ya kuongozea meli iliyokuwa ikiwaka kwa gesi ya asetilini. Pwani ya Sweden ina visiwa na miamba isiyohesabika, na kumweka mtu juu ya kila mwamba akawashe taa jioni na kuzima asubuhi kuligharimu sana. Kifaa chake kilikuwa na fito nne za metali, moja nyeusi katikati na tatu zilizong'arishwa pembeni. Baridi au joto la hewa liliziathiri zote nne sawasawa, hivyo hakuna kilichosogea. Mwanga, kinyume chake, ulimezwa na fito nyeusi na kurudishwa na zile zinazong'aa. Fito nyeusi ikarefuka kwa unywele mmoja na kuifunga gesi. Giza likiingia ilifupika tena na gesi ikapita. Ukungu mzito wa mchana pia uliiwasha taa, jambo ambalo nahodha yeyote angelishukuru.

Mwaka 1912 Dalén alipofuka macho kutokana na mlipuko wakati wa majaribio ya gesi. Mwaka huo huo alitunukiwa Nobeli ya Fizikia, na ndugu yake, daktari wa macho, ndiye aliyeipokea kwa niaba yake. Aliendelea kuiongoza AGA hadi alipofariki mwaka 1937. Namtaja kwa sababu aliliona jambo ambalo watengenezaji wa taa zetu za bustanini wamelipuuza: kifaa cha kukaa nje majira ya baridi lazima kisidanganywe na majira hayo. Vali yake haikudanganyika kwa baridi. Chipu yetu nayo haidanganyiki kwa baridi, ila haiwezi kutofautisha giza la usiku na giza la theluji.

Sasa, nini kifanyike? Kwanza kabisa, inua paneli. Huku nyumbani tumezoea kuilaza paneli karibu bapa, kwa mwinamo mdogo wa kutiririsha mvua, na hatujali sana imegeukia wapi, kwani jua linapita karibu na utosi, mara kaskazini yake kidogo, mara kusini. Minneapolis jua la adhuhuri halibanduki kusini mwaka mzima. Paneli iliyogeuzwa kusini na kusimamishwa kwa nyuzi 60 au 70 kutoka ardhini hupokea Desemba karibu mara mbili ya ile iliyolala. Katika mfano wetu mAh 60 zinakuwa 120, na taa inayozimika saa mbili inafika karibu saa tano usiku. Faida nyingine mbili zinakuja bila gharama: theluji haishiki kwenye mwinamo mkali, na ile iliyolala chini inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga ikiwa mpya, sehemu ya mwanga huo ikipanda hadi kwenye paneli iliyosimama.

Taa nyingi za kuchomeka ardhini haziruhusu hilo, kwa kuwa paneli imegandishwa kichwani. Hapa ushauri wangu ni mkali kidogo: kwa kazi ya majira ya baridi usizinunue. Nunua zile ambazo paneli iko peke yake na imeunganishwa na taa kwa waya wa mita kadhaa. Taa inakaa chini ya upenu mlangoni, paneli inapanda kwenye ukuta wa kusini, na zikipatikana zile ambazo betri inakaa ndani ya nyumba au ndani ya ghala, umeshinda nusu ya vita, kwa sababu sasa tunafika kwenye kitu ambacho baridi inakidhuru kweli.

Betri ni kemia, na kemia hupoa. Betri za nikeli, zile zilizoandikwa Ni-MH, hutoa umeme pungufu kadiri baridi inavyozidi, kisha hurudi katika hali yake joto likirudi, zinavumilia. Zile za zamani za nikeli na kadimiamu zilivumilia zaidi, lakini kadimiamu ni sumu na Ulaya imezibana sana. Lithiamu ni habari nyingine. Inaweza kutoa umeme hata nyuzi 20 chini ya sifuri, ila kuichaji chini ya sifuri ni kuiharibu: badala ya lithiamu kuingia ndani ya kaboni inavyotakiwa, inajipaka juu yake kama metali, na uwezo uliopotea hivyo haurudi. Taa nzuri za lithiamu zina saketi ya kuzuia chaji kwenye baridi. Basi mwenye taa ya gharama, yenye paneli safi na anga jeupe, anaweza kukuta haijaingiza kitu mchana kutwa, na kumbe saketi inafanya kazi yake. Taa rahisi hazina kizuizi hicho, zinachaji, na masika zinakuwa mzigo.

Taa kubwa za nguzoni zinazotumia betri za asidi na risasi, kama za gari, zina sheria yake. Betri ya namna hiyo ikijaa haigandi hata kwa nyuzi 50 chini ya sifuri, kiwango ambacho mji wa Tower, kaskazini mwa Minnesota, ulikipita kidogo mwezi Februari 1996. Ikiisha chaji, maji ndani yake huganda kwenye nyuzi 8 hivi chini ya sifuri na ganda lake linapasuka. Hapo ndipo njaa ya jua na baridi vinaposhikana mikono: upungufu wa mwanga unamaliza betri, na betri iliyokwisha inauawa na ubaridi ambao ingeuvumilia kama ingekuwa imeshiba.

London inathibitisha kwamba jua ni muhimu kuliko kipimajoto. Baridi yake ni ya kawaida tu. Betri hazipati shida kubwa. Lakini iko latitudo ya 51, jua la adhuhuri Desemba linafika nyuzi 15, na mawingu hayaondoki. Mwanga unaoifikia ardhi London mwezi huo hauifikii hata nusu ya ule wa Minneapolis. Mtu wa London aliye na taa ile ile ya mfano ataiona ikiwaka saa moja, labda.

Ukiwa umeongeza mapato kadiri inavyowezekana, iliyobaki ni kupunguza matumizi, na hapa naona watu wengi wanapigana vita isiyo na maana. Wanataka njia nzima iwake usiku kucha. Nani anapita hapo saa tisa usiku? Taa yenye kihisi cha mwendo, inayowaka kwa nusu dakika mtu anapokaribia, inatumia dakika kumi au ishirini tu usiku mzima, na kwa hiyo inaweza kuwaka kwa nguvu nyingi na bado ikabaki na akiba ya siku kadhaa za mawingu. Kihisi hicho huona joto la mwili likipita mbele ya mandhari baridi, na usiku wa baridi tofauti ni kubwa. (Mtu aliyejifunika koti zito hadi puani huonekana kidogo kuliko anavyodhani, uso na mikono ndivyo vinavyomtangaza.) Kama ni lazima taa ziwake mfululizo, punguza nguvu. Nusu ya umeme ni mara mbili ya saa, na jicho lililozoea giza haliuoni mwanga ule kama nusu. Juu ya theluji nyeupe taa hafifu huangaza mbali kuliko taa kali juu ya udongo mweusi.

Minneapolis sheria ya mji inamtaka mwenye nyumba ya familia moja asafishe njia ya miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa gizani, kabla au baada ya kazi. Hapo taa ndogo za pembeni zina manufaa yasiyotajwa kwenye boksi: zinamwonyesha mwenye beleshi njia inaishia wapi na maua ya mke wake yanaanzia wapi. Ila ziwe zimechomekwa mapema, Oktoba, na ziwe ndefu kuliko theluji inayotarajiwa. Kusini mwa Minnesota wajenzi wanatakiwa kuzamisha misingi zaidi ya mita moja ili kupita udongo unaoganda. Udongo huo ukishaganda, kigingi cha plastiki hakiingii. Ukikipiga nyundo kinavunjika.

Kuna mahali ambapo shauri lote hili halina kazi. Tromsø, Norwei, latitudo ya karibu 70, jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Paneli iliyosimama wima, safi, imegeukia kusini, inatazama mlima na anga la bluu iliyoiva. Huko taa za sola huondolewa, na taa za umeme wa nyumba huwaka. Hata Minneapolis mtu asiyetaka kupiga brashi kila asubuhi atafanya vyema kufuata mfano huo: Novemba azifute, azikaushe, achomoe betri, azichaji ndani ya nyumba na kuziweka mahali pakavu. Maji yaliyobaki ndani ya taa yakiganda hupanuka kwa asilimia tisa, na plastiki nyembamba haina pa kukimbilia.

Katikati ya Februari jua la adhuhuri Minneapolis limeshafika nyuzi 32 na mchana umepita saa kumi. Paneli bapa sasa inapata zaidi ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja, na taa zilizokuwa zikizimika saa mbili zinaanza kuvuka saa nne, saa tano. Huo ndio wakati wa kuzikagua. Chaji betri usiku kucha ndani, zipumzishe siku moja, kisha zipime. Betri ya nikeli iliyoshuka chini ya volti 1 baada ya kupumzika haifai kurudishwa. Nunua nyingine ya aina ile ile, na hiyo mbovu ipeleke kwenye kituo cha kukusanya betri chakavu badala ya kuitupa kwenye pipa la jikoni.